Kuanza Mpango wa Uzazi kwa Njia ya Asili: Mwongozo kwa Wanandoa Wakatoliki

Karibu kila mume na mke wanaoanza kujifunza njia ya asili, yaani kuzitambua siku za rutuba, ambazo mke anaweza kushika mimba, na kutokutana katika siku hizo, huja na swali moja: ikiwa lengo ni lile lile la kutopata mimba kwa sasa, kwa nini Kanisa likubali njia hii na kuzikataa nyingine? Ninawasihi msishike chati, yaani jedwali la kuandikia hali ya mke ya kila siku, wala kipimajoto kabla ya kulijibu swali hilo, kwa sababu nimeona kwamba wasioielewa sababu huichoka njia mapema, na mara nyingi huanza kulaumiana.

Jibu limo katika Humanae Vitae, waraka wa Papa Paulo VI wa tarehe 25 Julai 1968. Waraka huo unafundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili ambazo Mungu mwenyewe ameziunganisha na ambazo mwanadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha: linawaunganisha mume na mke, na liko wazi kuupokea uhai. Jambo lolote linalofanywa kabla ya kukutana, wakati wa kukutana au baada yake, kwa nia ya kuzuia uzazi, huitenga maana moja na nyingine. Ndiyo maana vidonge, sindano, vipandikizi, kondomu, kumwaga nje, na kufunga kizazi kwa mume au mke ili kuzuia mimba, vyote havikubaliki. Fundisho hili halikuzaliwa mwaka 1968, kwa kuwa Papa Pio XI alikuwa amelitangaza katika waraka wake Casti Connubii mwezi Desemba 1930, na Pio XII, alipozungumza na wakunga mwezi Oktoba 1951, alieleza kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kukutana katika siku zisizo na rutuba peke yake.

Wanaojizuia katika siku za rutuba hawaharibu tendo lolote. Wamekubaliana kutokutana, na wanapokutana siku nyingine kila mmoja hujitoa kwa mwenzake bila kuzuia chochote. Anayenyamaza na anayesema uongo wote wawili wameitunza siri, lakini hakuna atakayesema kwamba wamefanya jambo moja.

Hata hivyo, njia ya asili nayo yaweza kutumiwa kwa uchoyo. Humanae Vitae inadai sababu nzito za kuahirisha uzazi, zikitokana na hali ya mwili au ya nafsi ya wanandoa, au na mazingira yanayowazunguka, na inawasifu pia wanaoamua kwa busara na ukarimu kulea watoto wengi. Kanisa halikutoa orodha ya sababu hizo, na mimi sitaitunga hapa; kaeni wawili, salini, mseme waziwazi sababu yenu ni ipi. Mwanamke anayepewa dawa ya homoni ili kutibu ugonjwa hatendi dhambi, hata kama dawa hiyo inazuia mimba, mradi kuzuia mimba kusiwe ndiko kunakotafutwa.

Sasa tuje kwenye mwili. Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 tu, ilhali mbegu za mume zinaweza kuishi hadi siku 5 pale ambapo ute wa mke ni mzuri. Hivyo siku za rutuba katika mzunguko mmoja ni chache, na kazi yote ni kuzitambua. Ile njia ya kalenda, iliyotokana na utafiti wa madaktari Ogino na Knaus katika miaka ya 1920, ilikadiria siku hizo kwa kuhesabu mizunguko iliyopita, na iliwaangusha wengi kwa sababu yai linaweza kuchelewa au kuwahi kutoka kutokana na ugonjwa, safari au mawazo. Wengi wanaosema kwamba njia ya asili haifai huwa wanaizungumzia hiyo.

Ishara ya kutegemewa ni ute unaotoka kwenye mlango wa kizazi, ambao daktari John Billings wa Melbourne alianza kuuchunguza mwaka 1953, na baadaye mkewe Evelyn, naye daktari, akaungana naye. Mke hahitaji kujipima ndani. Anachofanya ni kuzingatia anavyojisikia sehemu za siri anapotembea na kufanya kazi zake, je, ni pakavu, pana unyevu au panateleza, kisha anaangalia karatasi anapojifuta chooni. Baada ya hedhi wengi huwa na siku kavu kadhaa. Halafu huja ute mzito, usio angavu, unaokatika ukivutwa, na baada yake ute angavu unaovutika na kuteleza kama ute mweupe wa yai bichi. Wakati mwingine hauonekani kabisa bali mke anahisi utelezi tu, na utelezi huo una uzito uleule. Siku ya mwisho ya kuhisi utelezi ndiyo siku ya kilele, nayo hutambulikana kesho yake, hali inapobadilika.

Kwa wanaoahirisha mimba, kanuni ni hizi. Siku za damu nyingi msikutane, kwa maana damu huweza kuuficha ute. Siku kavu zinazofuata mnaweza kukutana jioni, baada ya mke kuchunguza mchana kutwa, lakini si siku mbili mfululizo, kwa kuwa majimaji ya mume huvuruga uchunguzi wa kesho yake. Ute ukianza, au hali yoyote ikibadilika, subirini. Ukikoma bila kufika kilele, hesabuni siku 3 kavu na mkutane jioni ya nne. Kilele kikishapita, siku 3 zinazofuata bado ni za rutuba, na kuanzia siku ya nne hadi hedhi nyingine mko huru.

Wengine huongeza joto la mwili. Mke hujipima kila asubuhi saa ileile kabla ya kuondoka kitandani, na yai likishatoka joto hupanda kwa nyuzi 0.2 au zaidi na kubaki juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia wanawake 900 nchini Ujerumani, ulionyesha kwamba waliounganisha ute na joto na kuzishika kanuni walipata mimba chini ya 1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Wanaokiuka kanuni wasitarajie matokeo hayo.

Msijifunze kwa kusoma tu. Mtafuteni mwalimu aliyefundishwa, kupitia kwa paroko au ofisi ya familia ya jimbo, na katika wiki 2 hadi 4 za mwanzo msikutane kabisa, ili mke auone mwili wake bila kuchanganyikiwa. Aliyeacha sindano anaweza kukaa miezi bila mzunguko wa kawaida, na anayenyonyesha ana kanuni zake; hao wasikose mwalimu.

Chati aijaze mume. Nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote. Ninawajua mume na mke waliobandika chati yao ndani ya mlango wa kabati, penseli ikining'inia kwa uzi, na kila usiku mume humuuliza mkewe, «Leo hali ikoje, mama?» kisha huandika mwenyewe. Mke yule hakuwahi kulazimika kuwa mtu wa kukataa, kwa kuwa mume alikuwa amekwisha kusoma. Pale mke anapoachiwa kuchunguza, kuandika na kukataa peke yake, kujinyima hugeuka ugomvi.

Kila mzunguko mpya unapoanza, kabla ya kuchora safu mpya, ulizaneni kama sababu mliyoitaja mwanzoni bado ipo. Ikiwa imeondoka, chati ileile itawaonyesha siku za ute wa kuteleza, ambazo ndizo za kukutana kwa wanaotafuta mtoto.