Somo: Namna ya kufungua mazungumzo ya siri na taifa hasimu, na jinsi ya kumpata mjumbe

Ndugu wanachama,

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, hata nimefikia hatua ya kunakili majibu yangu mwenyewe ya zamani. Kila anayesoma habari za mataifa mawili yaliyokuwa hayasemezani, kisha ghafla viongozi wake wakaonekana wakipeana mikono, huja na swali lile lile: huyu mjumbe wa kwanza alipatikanaje? Leo naliandika somo zima, na kuanzia sasa atakayeuliza ataelekezwa hapa. Mifano yangu mingi ni ya Marekani na China zilipofungua mazungumzo ya siri mwaka 1971, kwa kuwa nyaraka zake zimekwisha kufunguliwa na wahusika wengi wamesimulia. Sikuichagua kwa sababu ilikuwa kazi safi.

Hatua ya kwanza. Hakikisha mkuu wa nchi yako ameamua yeye mwenyewe. Kama hajaamua, ishia hapa.

Hatua ya pili. Soma dalili kabla ya kutuma neno lolote. Hasimu hatumi kadi ya mwaliko. Hutikisa pazia tu, kisha hutazama kama umeona. Tarehe 1 Oktoba 1970 kiongozi wa China, Mao Zedong, alimsimamisha mwandishi wa habari wa Marekani, Edgar Snow, kando yake jukwaani Tiananmen mjini Beijing, na Washington haikuielewa ishara hiyo kwa wakati wake. Wamarekani nao walikuwa wametoa ishara isiyo na staha hata kidogo: mwezi Desemba 1969 balozi wao mjini Warsaw aliwakimbilia wanadiplomasia wa China waliokuwa wakitoka kwenye maonyesho ya mavazi ya Yugoslavia, akiwaita kwa Kipolandi ili awaambie kwamba rais wake anataka mazungumzo. Mwaliko wa timu ya mpira wa meza ya Marekani, Aprili 1971, ulikuja baada ya ishara nyingi za namna hiyo kukosewa au kuchelewa kusomwa.

Hatua ya tatu. Tafuta mpitishaji ujumbe, yaani mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote mbili. Pakistan chini ya Rais Yahya Khan ilifaa kwa sababu ilikuwa rafiki wa Beijing na wa Washington kwa wakati mmoja. Oman iliifanya kazi hiyo hiyo kati ya Marekani na Iran miaka ya karibuni, na Norway kati ya Israeli na Wapalestina mwaka 1993. Mwepuke mpitishaji ambaye faida yake imo ndani ya ujumbe wenyewe. Mwezi Mei 1986 ujumbe wa siri wa Marekani ulitua Tehran ukiwa umebeba vipuri vya makombora na keki, baada ya mfanyabiashara wa silaha kuuahidi kila upande yale uliotamani kuyasikia. Wageni hawakukutanishwa na kiongozi yeyote waliyemtarajia, wakaondoka mikono mitupu, na mwezi Novemba jarida moja la Lebanon likaianika habari yote.

Hatua ya nne. Ujumbe uandikwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika kikundi kidogo kilichokuwa kikijaribu kuzikutanisha serikali mbili ambazo sitazitaja. Mpitishaji wetu alikuwa mzee mwenye heshima kubwa, mtu ambaye neno lake halikuwa likitiliwa shaka popote, na mimi niliona haya kumpa karatasi, kana kwamba namwambia kumbukumbu yake haitoshi. Nikampa maneno kwa mdomo: tuko tayari kulizungumza suala la mpaka. Mzee alikuwa na moyo mwema. Alitaka watu wapatane, na njiani akayapunguza makali maneno yangu bila hata kujijua. Alipofika upande wa pili alisema kwamba tuko tayari kuhusu mpaka. Siku ya mkutano wa kwanza, mkuu wa ujumbe wao aliketi, akasogeza glasi za maji pembeni, akakunjua ramani juu ya meza, akaomba kalamu. Sisi tulitazamana. Dakika ishirini baadaye magari yao yalikuwa yameondoka, na ulipita zaidi ya mwaka mmoja kabla hatujasikia tena neno kutoka kwao.

Kwa hiyo: mpe mpitishaji maandishi hata kama ni mzazi wako. Karatasi isiwe na nembo wala saini, ili ikianguka mikononi mwa mtu isiwe na mwenyewe. Balozi wa Pakistan mjini Washington, Agha Hilaly, alipeleka Ikulu ya Marekani maneno ya Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China, yakiwa yameandikwa kwa mkono, na majibu ya Wamarekani yalichapwa kwenye karatasi tupu. Kila ujumbe uwe na namba, ili ujue kama kuna uliopotea njiani. Uwe na swali moja tu, maana ukiuliza matatu utajibiwa lile jepesi. Usitumie sifa kama “zuri”, “kubwa” au “la haraka”, kwa kuwa maneno hayo hubadilika maana yakivuka mpaka. Na mpitishaji akirudi, asianze kukueleza anavyoona yeye kabla hajakusomea walichosema wao.

Hatua ya tano ndiyo mnayoiulizia wote. Watu hudhani mjumbe hutafutwa kwa ufasaha, au kwa kuijua lugha na nchi ya upande wa pili. Hayo ni mapambo. Sifa ya kwanza ni kwamba upande wa pili uamini kuwa akisema yeye, mkuu wake amesema, na kwamba anachokisikia kitamfikia mkuu huyo bila kupita mezani kwa watu kumi. Sifa ya pili, ambayo husahauliwa, ni uwezo wa kurudi nyumbani na jibu baya bila kulipaka asali. Ya tatu ni ndogo lakini imewaangusha wengi: akikosekana siku mbili, pasiwe na mtu wa kuuliza yuko wapi.

Tarehe 27 Aprili 1971, Zhou alipoarifu kwamba China iko tayari kumpokea mjumbe maalumu, Rais Nixon wa Marekani na mshauri wake wa usalama wa taifa, Henry Kissinger, waliyapitia majina kwa simu. David Bruce alikuwa mwanadiplomasia mzoefu, lakini wakati huo aliongoza ujumbe wa Marekani katika mazungumzo ya Vietnam mjini Paris, na kumpeleka Beijing kungekuwa kama kuuingiza ugomvi mwingine chumbani. Yalitajwa pia majina ya Nelson Rockefeller, gavana wa New York, na George Bush (baba), balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, na Kissinger akamwona Bush kuwa laini mno. Mwishowe alikwenda Kissinger mwenyewe, ambaye hakujua Kichina wala hakuwahi kukanyaga China, ila kila mtu alijua kwamba mlango wa Nixon u wazi kwake. Wale wawili hawakutupwa: Bruce aliongoza ofisi ya uwakilishi ya Marekani mjini Beijing kuanzia mwaka 1973, na Bush akampokea mwaka 1974. Kazi ya siri ilipokuwa ya wazi, sifa zao ndizo zilizohitajika.

Pale ambapo serikali haiwezi hata kukiri kwamba inazungumza, anza na mtu unayeweza kumkana. Israeli ilianza Norway, Januari 1993, na wasomi wawili wa chuo kikuu, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walioketi na Ahmed Qurei wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina. Mambo yalipokomaa, Mei mwaka huo, alitumwa Uri Savir, ofisa mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje. Ukimchelewesha ofisa, upande wa pili hujiona unachezewa. Ukimwahisha, unakosa pa kujificha.

Hatua ya sita. Kisingizio cha safari kiwe cha kuchosha. Kissinger alisemekana kuumwa tumbo mjini Islamabad, Pakistan, na kupelekwa kupumzika Nathia Gali milimani. Alikuwa Beijing kuanzia tarehe 9 hadi 11 Julai 1971. Begi lilifungwa kwa haraka bila mashati ya akiba, akaazima ya msaidizi wake aliyemzidi umbo, na lebo zake zilionyesha kwamba yameshonwa Taiwan. Kagua begi.

Hatua ya saba. Mkutano wa kwanza ni wa kuelezana mnavyouona ulimwengu, usidai saini.

Hatua ya nane. Panga mapema nani aambiwe, na saa ngapi. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, William Rogers, aliarifiwa kwa kuchelewa sana, na Waziri Mkuu wa Japani alipata habari muda mfupi tu kabla ya tangazo la 15 Julai kwamba Nixon atazuru China. Japani haikusahau; ilianzisha uhusiano na Beijing Septemba 1972, wakati Marekani yenyewe ilianzisha wake tarehe 1 Januari 1979.

Hatua ya tisa. Mkishaafikiana, rudini kwenye utaratibu. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema uhusiano huanzishwa kwa maafikiano ya pande zote mbili, na balozi hatumwi mpaka nchi inayompokea itoe ridhaa yake. Ikikataa, hailazimiki kueleza sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpita Njia: Shikamoo Mwalimu. Kwa kifupi tu, anayefaa kutumwa ni balozi au jasusi?

Jibu: Marahaba. Hatua ya tano.

Kalamu Kavu: Mwalimu, nimesoma mara mbili. Sijaelewa kwa nini serikali ijifiche kwa wizara yake yenyewe. Je, hao si ndio wenye utaalamu?

Jibu: Swali zuri. Wizara ina kazi ya kulinda msimamo uliopo, na hufanya hivyo kwa kuuliza idara zote kabla ya kubadili sentensi moja. Mazungumzo ya mabalozi wa Marekani na China yalianza mwaka 1955, yakapita kikao cha mia, na karibu kila mara kila upande ulisoma karatasi yake kisha ukaondoka. Kwa hiyo kishawishi cha kuikwepa wizara kinaeleweka. Gharama yake ni kwamba wajuzi hawaoni maandishi mpaka dakika za mwisho. Februari 1972 wataalamu wa Rogers walipoonyeshwa rasimu ya taarifa ya Shanghai, yaani tamko la pamoja la ziara ya Nixon nchini China, waligundua kwamba imetaja ahadi za ulinzi kwa marafiki wengine wa Marekani na kuiacha Taiwan, ikabidi waliokwisha kuafikiana warudi mezani usiku. Ningekuwa mimi, ningemchukua mtaalamu mmoja wa wizara, mwenye kinywa kizito, tangu siku ya kwanza.

Mgeni Mpya: Naomba kiolezo cha barua ya siri tafadhali, nina zoezi la kuwasilisha kesho.

Jibu: Hakuna. Karatasi tupu haina kiolezo.

Sauti ya Pembeni: Unasifu uongo, Mwalimu. Na umeisifu Pakistan bila kutaja iliyokuwa ikiyafanya mwaka huo huo.

Jibu: Sikusifu, nilisema ilifaa, na nilitangulia kusema kwamba kazi haikuwa safi. Lakini kwenye hoja ya pili umenibana, nami nakubali. Kuanzia tarehe 25 Machi 1971 jeshi la Yahya Khan lilikuwa likiua raia katika Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Tarehe 6 Aprili maofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani mjini Dhaka walituma telegramu ya kupinga ukimya wa serikali yao, na konseli mkuu wao, Archer Blood, akaondolewa kituoni. Haja ya kuilinda njia ya Beijing ilikuwa miongoni mwa sababu za ukimya ule. Kwa hiyo ongezeni katika hatua ya tatu: mpitishaji hudai malipo hata asipotaja bei, na mara nyingi anayelipa si aliyemtuma.

Ndimi Mbili: Mimi ni mkalimani, naomba kuchangia. Neno la hatari kuliko yote katika vikao vya namna hii ni “tutalitazama”. Kwa mmoja ni ahadi, kwa mwingine ni kukataa kwa adabu. Nikilisikia, huomba ruhusa niulize: litatazamwa na nani, na jibu litakuja lini?

Jibu: Ahsante sana dada. Niongeze kwamba mwaka 1972 Nixon alikutana na Mao akimtegemea mkalimani wa China, bila wa kwake. Upande wake uliandikiwa kumbukumbu na Winston Lord, na kuwapo kwake kulifichwa hata pichani ili Rogers, aliyeachwa nje, asiaibike zaidi. Asiye na mkalimani wake awe walau na mwandishi wake.

Mpita Njia: Sawa Mwalimu, lakini hujasema kama ni balozi au jasusi.

Jibu: Nimesema, ndugu yangu. Cheo hakimo kwenye zile sifa tatu, zisome tena.

Kalamu Kavu: La mwisho, kama si siri. Yule mzee wa mpaka aliishia wapi?

Jibu: Alirudishwa yeye yeye, kwa sababu hatukupata mwingine ambaye pande zote mbili zingemfungulia mlango. Niliandaa maneno marefu ya kumwomba radhi kabla ya kumkabidhi karatasi. Hakuningojea nimalize. Aliketi, akatoa daftari na kalamu yake mfukoni, akasema: “Sema polepole, mwanangu, nami nitakusomea ulichosema.”