Mpira, karanga na uzi: ninavyofundisha setilaiti za kupokeza mawasiliano

Nafundisha fizikia kidato cha nne huku Chamwino. Nikisema chombo kilichoko angani hukosa mawasiliano na waliokirusha, lazima atokee wa kuuliza: kwani huko juu kuna mlima gani wa kuzuia? Mlima ni dunia yenyewe. Ili walione kwa macho, fanya hivi.

Tafuta mpira wa miguu uliojaa upepo vizuri, punje ya karanga, chaki na uzi wa kushonea. Fanyia darasani, maana upepo wetu wa Julai hauachi uzi utulie. Chora mabara kwa chaki. Sentimita 1 hapo ni kama kilomita 580. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka kilomita 400 hivi juu yetu. Kwenye mpira ni milimita 7, unene wa punje ya karanga. Darasa hunyamaza hapo, kwa kuwa wote walidhani ni mbali.

Weka nukta popote: hicho ni kituo cha ardhini. Mmoja abane uzi kwenye nukta, mwingine aukaze juu ya karanga, ambayo ndiyo chombo chetu, kisha aisogeze karanga taratibu. Usiwaambie lolote. Ikifika sentimita 4 hivi, uzi unalalia mpira. Juzi binti mmoja alipaza sauti: "Umegusa, mwalimu!" Hapo ndipo mawasiliano hukatika. Kati ya mzunguko wa dakika 90 na kidogo, kituo kimoja hukipata chombo kwa dakika 10 hivi tu. Ndiyo maana mwanaanga Mmarekani John Glenn aliporuka mwaka 1962, Marekani ilikuwa imetawanya vituo duniani, kimoja kikiwa Tunguu, Unguja. Hili usiliruke, ni historia yetu.

Sasa pima sentimita 62 kutoka kwenye mpira, usawa wa ikweta. Hizo ni kilomita 35,786, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia, ikaonekana imetulia. Mwanafunzi ashike uzi hapo: yeye ndiye setilaiti ya kupokeza, hupokea mawasiliano ya chombo na kuyapeleka kituoni. Karanga isogezwe tena. Sasa uzi unaifuata zaidi ya nusu ya duara bila kugusa. Ya kwanza katika kundi la Wamarekani la setilaiti za kupokeza mawasiliano ya vyombo vya angani, TDRS-1, ilipelekwa na chombo cha anga Challenger Aprili 1983.

Utamu uko hapa. Weka washikaji wawili, wote waione New Mexico, jimbo la Marekani kilipo kituo cha ardhini cha setilaiti hizo. Uliza karanga inajificha wapi. Watahangaika na mpira mpaka wafike Bahari ya Hindi, mlangoni kwetu. Pengo hilo lilikuwepo kweli, hadi kituo kingine kilipojengwa Guam, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, na setilaiti ikawekwa upande huu. Mwite mshikaji wa tatu asimame hapo, karanga izungushwe duara zima.