Nukta ileile, kumbukumbu tofauti: kurudia marekebisho ukitoka Vim kwenda Helix

Wakuu, habari za kazi. Aliyezoea Vim akihamia Helix (zote ni programu za kuhariri maandishi), kidole kinaenda chenyewe kwenye nukta (`.`), amri ya kurudia marekebisho ya mwisho, na faili linavurugika. Vim inakumbuka tendo zima: amri, sehemu iliyoguswa na maandishi yaliyowekwa. Helix inakumbuka uandishi tu. Kuchagua sehemu ni kazi yako kila mara.

Tuchukue faili la mauzo ya samaki:

```
sangara,Ilemela,12
sato,Ilemela,7
dagaa,Ilemela,40
```

Aliyejaza ameandika wilaya badala ya mwalo (mahali samaki wanaposhushwa). Baadhi ya mistari ni Kirumba, mingine Igombe, na mialo yote miwili iko Ilemela. Kubadilisha zote kwa mkupuo hakufai, lazima uone mstari ndipo uamue.

Kwenye Vim
1. `gg` (mwanzo wa faili), kisha `/Ilemela` (tafuta) na Enter.
2. `cgn` (badilisha neno ulilotafuta), andika Kirumba, bonyeza Esc.
3. `n` kwenda inayofuata. Kama ni Kirumba, `.`, kama siyo, `n` tena.

Usiiruke `n`. Ukibonyeza `.` peke yake, `cgn` inatafuta Ilemela inayofuata na kuibadilisha papo hapo kabla hujaisoma.

(Mkiwa humo humo, andikeni `:help uganda`. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991, aliomba wanaoipenda wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu. Someni, ni jirani zetu hao.)

Kwenye Helix
1. `gg`, `/Ilemela`, Enter. Neno lenyewe tayari limechaguliwa.
2. `c` (badilisha kilichochaguliwa), Kirumba, Esc.
3. `n`, kisha `.`

Hapa kusahau `n` kunaharibu zaidi. Kielekezi kimebaki kwenye mkato unaofuata neno, hivyo nukta inaufuta na kubandika Kirumba nyingine: `sangara,KirumbaKirumba12`. Safu mbili zimeungana. Bonyeza `u` mara moja kutengua.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwenye Vim nukta inanirudishia nusu tu ya nilichoandika. Shida nini?*

Umegusa mshale wa kibodi ukiwa bado unaandika. Vim inahesabu hapo kama mwanzo wa uandishi mpya, kwa hiyo inarudia kipande cha baada ya mshale. Ukikosea herufi, futa kwa Backspace.

*Helix: nimechagua dagaa nikafuta kwa `d`, nikaenda `n` halafu `.`, badala ya kufuta imeandika Kirumba!*

Kwa sababu `d` si uandishi, nukta bado inakumbuka ile `c` ya mwanzo. Tumia `n` na `d` tena. Kama unafuta zote: `%` (chagua faili zima), `s` (chagua neno ndani yake), andika dagaa, Enter, `d`, halafu `,` ubaki na kielekezi kimoja. Kazi yenye hatua nyingi irekodi: `Q` kuanza, `Q` kumaliza, `q` kurudia. Angalia, kwenye Vim ni `q` inayorekodi na `@` inayorudia.

*Na kurudia `f` (kurukia herufi fulani) kwenda mkato unaofuata?*

Vim ni `;`. Helix ni `Alt-.`

*Nikitumia `:s/sato/sangara/g` kwenye Vim, narudiaje mstari mwingine?*

`&`, ila inaacha ile `g` (badilisha zote kwenye mstari), hivyo inabadilisha sato ya kwanza tu kwenye mstari. Ukitaka amri irudi kama ulivyoiandika, `@:`.