Jinsi ya kuomba likizo au kuacha kazi bila kuacha hela zako nyuma

Mwezi wa kumi na moja ukishaanza hapa Dodoma maneno ni yale yale, mvua inakaribia, huyu anataka kwenda Kondoa kusimamia shamba, yule Mpwapwa, mwingine ana harusi Kongwa, na wote wanaitaka Desemba. Ndo hapo watu wanaanza kuomba ruhusa kwa mdomo, wanakubaliwa kwa mdomo, alafu wanarudi wanakuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti chao.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nilikua nafanya kazi hoteli moja hapa mjini, kulikua na dada mmoja wa jikoni, miaka minne kazini hajawahi kulalamikiwa. Akamfata meneja koridoni akaomba siku kumi, meneja akamjibu "we nenda tu dada yangu, tutaongea ukirudi". Aliporudi akaambiwa ni mtoro. Hakua na karatasi hata moja, na meneja akakana kila kitu mbele yetu. Iliniuma sana maana nilikuepo wakati anaomba, ila neno langu peke yake halikutosha. Kwaiyo haya naandika kwa ajili ya wenzangu wa mahotelini, madukani, viwandani na madada wa kazi za ndani pia, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu na wao. Mtumishi wa serikali pale Mtumba ana taratibu zake za utumishi wa umma, aulize kwa afisa utumishi wake.

Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa kila miezi 12, na mshahara unalipwa. Hizo 28 ni za mfululizo, jumapili zimo na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa, kwaiyo ukichukua Desemba usitegemee kuongezewa siku ya Uhuru na Krismasi. Mshahara wa likizo unatakiwa ulipwe kabla hujaondoka, hili wengi hawalijui kabisa. Bosi ndo anapanga lini uende, hapo sheria imempa nafasi, ila asivushe miezi sita baada ya mwaka wako kuisha, na akitaka kufika miezi 12 lazima ukubali na kazi iwe kweli inahitaji hivyo. Na wewe usiilimbikize miaka mitatu ukidhani unaweka akiba, kwasababu ukiipitisha muda bila kuichukua unaweza kuja kunyimwa malipo yake siku unaondoka.

Haki ya likizo yenye malipo inaanza ukishafikisha miezi sita. Deiwaka, yani kibarua wa kuitwa kwa siku, nae asijitoe, ukiitwa mara kwa mara na mwajiri yule yule ndani ya mwaka mmoja na jumla ikazidi miezi sita, na wewe umo.

Ukiumwa una siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 mshahara kamili na 63 zinazofata nusu, ila lazima upeleke cheti cha daktari anaetambulika. Mama mjamzito ana siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia na aambatanishe cheti cha kliniki au hospitali. Akirudi anaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mtoto akiumwa au kufariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja, una siku 4 zenye malipo, na hizo 4 ni kwa miezi 36 yote. Mjomba na shangazi sheria haijawataja, na najua kwetu mjomba ni mzazi, ila hapo inabidi uombe uungwana wa bosi au ukatiwe kwenye zile 28.

Sasa namna ya kuomba. Andika barua fupi, tarehe juu, unaanza lini unarudi lini, likizo ya aina gani. Toa nakala mbili. Moja unawapa, nyingine mpokeaji anasaini na kuandika tarehe, muhuri ukiwepo agonge, unaondoka nayo nyumbani, usiiache kwenye droo ya kazini. Wakikataa kusaini ipige picha na uitume kwa meseji au WhatsApp kwa bosi mwenyewe, na hizo meseji usizifute. Usipande basi kabla hujapata jibu la maandishi, hata kama ni "sawa" ya meseji.

Kuacha kazi nako watu wanapoteza hela nyingi. Unaelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, ila kama uko ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7, na unaelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi, usome. Iwe ya maandishi na useme sababu. Ile ya kuacha kazi masaa 24 inawezekana kama unailipia notisi, na ukigoma tu kuja kazini mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala likizo haihesabiwi kama notisi, hiyo inambana bosi na wewe pia. Mwenye mkataba wa muda maalum awe makini zaidi, kuuvunja katikati bila makubaliano kunaweza kukugharimu.

Unapoondoka unatakiwa ulipwe siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hujachukua na muda wake haujapita, na ile ya mwaka ambao haujaisha, kila siku 13 za kazi ni siku moja ya malipo. Tuchukue mshahara wa 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki, siku moja ni kama elfu 15, ukiwa umefanya siku 130 tangu mwaka mpya wa likizo uanze una siku 10, yani laki na nusu ambayo watu wanaisahau mezani kila siku. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Huyo huyo wa 390,000 mwenye miaka minne ni 420,000. Hiki unalipwa ukiachishwa, sio ukiacha mwenyewe, na ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu hupati. Kama ulichukuliwa Singida ukaletwa kufanya kazi hapa, kukiwa na kuachishwa kuna na gharama za kukurudisha wewe na mizigo yako. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako, kidai. Na pita NSSF uangalie kama ile michango iliyokua inakatwa kwenye slipu ilifika kweli.

Hapo kwenye kiinua mgongo ndo utaelewa kwanini unaitwa ofisini unaambiwa "andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, itakusaidia kupata kazi kwingine". Usiandike siku hiyo. Sema naomba nikafikirie, toka nje, mpigie mtu. Ukishasaini kwamba umeacha kwa hiari, unabaki na kazi ya kuthibitisha ulilazimishwa. Sheria inamtambua mtu aliewekewa mazingira magumu kazini mpaka akashindwa kuendelea, anahesabika ameachishwa, ila ushahidi unautafuta wewe.

Ikishindikana nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapa hapa Dodoma. Unajaza fomu namba moja na nakala yake mwajiri anapelekewa. Kuachishwa kazi una siku 30 tu tangu siku uliyoachishwa, madai mengine kama likizo au mishahara ni siku 60. Beba mkataba, slipu, zile nakala zilizosainiwa na meseji ulizoprinti. Yule dada wa jikoni alizunguka wiki sita akimbembeleza meneja, kila siku anaambiwa njoo jumatatu, alipofika CMA ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza alichelewa wapi.