Somo: Kunakili memori ndani ya kerneli bila prosesa kusubiri

Unapoita memcpy, funksheni ya kawaida ya kunakili memori, prosesa yenyewe ndiyo mchukuzi. Inabeba baiti kutoka bafa moja (eneo la memori la kuwekea data) hadi nyingine na haishiki kazi nyingine mpaka imalize. Mashine nyingi zina injini ya DMA (direct memory access), sehemu ya mashine inayoweza kubeba mzigo huo peke yake, na somo hili linaonyesha jinsi ya kuipa kazi ndani ya kerneli ya Linux kupitia dmaengine, mfumo wa kerneli wa kuzitumia injini hizo. Nachukulia kwamba umeshawahi kuandika moduli ndogo na kuipakia.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, shika swali moja: sasa hivi bafa hii ni ya nani, ya prosesa au ya injini? Makosa karibu yote niliyokutana nayo katika kazi hii yalitokea pale pande mbili zilipoishika bafa moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Omba chaneli

Chaneli ni njia moja ya kuipa injini kazi. Tengeneza maski (orodha ya uwezo unaoutaka) yenye DMA_MEMCPY, kisha ita dma_request_chan_by_mask. Ikishindwa hairudishi NULL, inarudisha pointa ya kosa, kwa hiyo ipime kwa IS_ERR. Si kila mashine ina injini ya kunakili memori. Andika na njia ya memcpy ya kawaida pembeni, usiache draiva yako ife kwa kukosa chaneli.

Hatua ya 2: Kabidhi bafa

Hapa twende polepole.

Injini haifuati pointa zako za kawaida. Inataka anwani inayoijua yenyewe, na anwani hiyo unaipata kwa dma_map_single. Bafa ya chanzo ipe mwelekeo wa DMA_TO_DEVICE, bafa ya mwisho, yaani ile inayopokea nakala, ipe DMA_FROM_DEVICE. Kifaa unachotaja ni kile cha injini, yaani chan->device->dev. Kila anwani iliyorudi ipime kwa dma_mapping_error.

Lakini dma_map_single haitafsiri anwani tu, inahamisha umiliki pia. Kwenye mashine ambazo DMA haioni kache ya prosesa (memori yake ndogo ya haraka), wito huu ndio unaosukuma data iliyobaki kwenye kache ishuke hadi memori halisi. Kuanzia hapo bafa si yako. Ukiandika humo, hujui injini itasoma kipya au cha zamani. Ukisoma bafa ya mwisho mapema, unaweza kuivuta data ya zamani kwenye kache na kuendelea kuiona hata baada ya injini kumaliza.

Kompyuta za x86 husamehe kosa hili kwa sababu DMA yake kwa kawaida inakwenda sambamba na kache. Msimbo ule ule ukihamia kwenye bodi ya ARM isiyo na mpango huo, data inaharibika kimyakimya. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG, chaguo la kerneli linalokagua makosa ya aina hii, tangu siku ya kwanza.

Bafa itoke kwa kmalloc. Isitoke kwenye steki, na isitoke kwa vmalloc, maana kurasa zake huenda hazikufuatana katika memori halisi. Pia usiiweke katikati ya muundo wenye vigezo vingine vinavyobadilika, kwa sababu vikikaa na bafa kwenye mstari mmoja wa kache, jirani ataiharibu bafa.

Hatua ya 3: Andaa, wasilisha, anzisha

```
tx = dmaengine_prep_dma_memcpy(chan, dst, src, len,
        DMA_PREP_INTERRUPT | DMA_CTRL_ACK);
tx->callback = imekwisha;
tx->callback_param = &done;
cookie = dmaengine_submit(tx);
dma_async_issue_pending(chan);
```

Hapa dst na src ni anwani ulizopata katika hatua ya 2, imekwisha ni funksheni yako ya taarifa, ile itakayoitwa kazi ikiisha, na done ni struct completion ya kusubiria. Nimeacha vipimo vya makosa ili mtiririko uonekane. Kwako, tx ikiwa NULL rudi kwenye memcpy, na cookie ipime kwa dma_submit_error.

Mstari wa mwisho ndio husahaulika. dmaengine_submit inaiweka kazi kwenye foleni tu. Mimi nilipoteza jioni nzima nikitafuta intarapti (ishara ya injini kwamba imemaliza) isiyokuja, kumbe sikuwahi kuiambia injini ianze.

Hatua ya 4: Subiri, kisha rudisha bafa

Funksheni ya imekwisha iite complete, nawe usubiri kwa wait_for_completion_timeout. Huo muda kati ya kuanzisha na kusubiri ndio faida yote, kwa hiyo fanya kazi nyingine hapo. Taarifa ikifika, ita dma_unmap_single kwa bafa zote mbili, ndipo usome.

Muda ukiisha kabla ya taarifa, usikimbilie kfree. Injini huenda bado inaandika. Ita kwanza dmaengine_terminate_sync, ambayo inasimamisha kazi na kungoja funksheni za taarifa zimalize, na uangalie ilichorudisha. Ikirudisha kosa, injini haijasimama, basi bafa na done zibaki hai. Ukiwa umeiweka done kwenye steki kisha ukaondoka, taarifa ya kuchelewa itaandika juu ya steki ya mwingine.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina vifurushi vya baiti 200 hivi, vingi sana. Nitumie njia hii?*

Hapana, ndugu. Kukabidhi bafa, kuandaa deskripta na kupokea intarapti kuna gharama yake, na baiti 200 memcpy inazimaliza mapema. Njia hii inalipa mzigo ukiwa mkubwa na prosesa ikiwa na kazi nyingine ya kufanya. Linux yenyewe iliwahi kutumia injini za DMA kunakili data ya mtandao kuipeleka kwa programu, na mwaka 2014 msimbo huo ukaondolewa. Pima kwenye mashine yako kwanza. Moduli ya dmatest, ya kujaribia injini za DMA, itakusaidia.

*Ndani ya funksheni ya taarifa naweza kushika mutex?*

Usishike. Kwa kawaida funksheni hiyo inaitwa ndani ya tasklet, mahali ambapo hairuhusiwi kulala, na mutex ni kufuli inayoweza kukulaza ukiisubiri. Ita complete, au panga kazi kwenye workqueue (foleni ya kazi zinazoruhusiwa kulala), na mutex uishike huko.

*Na bafa ikiwa ya programu ya mtumiaji, si ya kerneli? Naweza kuipitisha moja kwa moja kwa dma_map_single?*

Pointa ya mtumiaji haifai pale. Zishike kurasa zake kwa pin_user_pages ili zisihamishwe wakati injini inafanya kazi, ukiongeza FOLL_WRITE kama injini itaandika humo. Kisha kabidhi ukurasa mmoja mmoja kwa dma_map_page, kwa sababu kurasa zinazofuatana kwa mtumiaji zinaweza kuwa zimetawanyika katika memori halisi. Ukimaliza, ondoa makabidhiano kwanza, halafu uziachie kwa unpin_user_pages_dirty_lock.

*Nikigawa kazi kwenye chaneli mbili, ya kwanza itamaliza kwanza?*

Usitegemee hivyo. Kama nakala ya pili inasoma kilichoandikwa na ya kwanza, iwasilishe baada ya taarifa ya kwanza kufika.