Kumimina Mvinyo: Langhe Nebbiolo ya Ushirika wa Barbaresco

Produttori del Barbaresco ni ushirika wa wakulima wa zabibu huko Piemonte, kaskazini mwa Italia, ulioundwa mwaka 1958 na padri wa parokia pamoja na wakulima 19. Barbaresco yao, mvinyo mwekundu, ni ghali kidogo, kwani sheria hudai miezi 26 ya kukomaa. Mwenye bajeti ndogo atafute lebo ya Langhe Nebbiolo: zabibu ileile iitwayo Nebbiolo, ila mvinyo hukomaa muda mfupi zaidi.

Rangi yake nyepesi isikutie shaka, Nebbiolo ndivyo ilivyo. Ukakasi wake, ile hali ya kukausha mdomo, ndio mkali.

Joto ndilo huharibu chupa nyingi. Inywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba chenye nyuzi 27 huifanya inuke pombe. Itumbukize kwenye maji yenye barafu dakika 10 hadi 15. Ukizidisha, ukakasi hukaza na harufu hujificha.

Ingiza kizibuo katikati ya koki (kizibo cha chupa), vuta taratibu, kisha nusa. Ikinuka kadibodi lililolowa, koki imeiharibu. Hakuna dawa, irudishe dukani. Ikiwa nzima, imimine yote kwenye jagi pana, uiache nusu saa hadi saa nzima. Kufungua chupa tu hakusaidii, mdomo wake ni mwembamba mno kupitisha hewa.

Jaza glasi theluthi moja. Nyama ya ng'ombe iliyoiva polepole, uyoga au jibini gumu hulainisha ukakasi; pilipili kali huuchochea. Ikibaki, izibe uiweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku 3.