Kulishika darasa bila kumdhalilisha mtoto

Nafundisha hisabati gredi ya tano katika shule ya umma hapa kisiwani Mombasa, darasa lililojaa hata njia ya kupita kati ya madawati ni ya kutafuta. Walimu wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi huanza na swali moja: nitawanyamazisha vipi? Nawaambia waanze kwingine. Amua kwanza mtoto akikosea utamfanya nini, kwa sababu darasa zima litakupima kwa hilo. Mtaala wa umilisi, yaani wa kumjenga mtoto aweze kutenda anachojifunza, ulioanza Kenya nzima mwaka 2019, umetaja maadili manane, heshima na upendo yakiwemo. Kuyabandika ukutani hakutoshi.

Chukua mfano wa sehemu. Umeandika ubaoni nusu jumlisha thuluthi, na mtoto amekuja mbele akaandika mbili juu ya tano. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini; kosa hili utaliona kila mwaka. Usilifute. Wala usiseme "nani atamsaidia mwenzake?" maana mikono itaruka, naye atabaki amesimama na chaki kama mshtakiwa. Muulize, "Umefikaje hapo, mwanangu?" umwache aeleze mpaka mwisho. Kisha muulize kama mbili juu ya tano ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo. Chora chapati ubaoni, aikate mwenyewe. Akishaona kwamba haifiki nusu, mara nyingi hushtuka bila kuambiwa: tulikuwa na nusu, tukaongeza, mbona tumepata pungufu? Hapo sasa mwonyeshe vipande vya sita: nusu ni vitatu, thuluthi ni viwili, jumla vitano. Tano juu ya sita. Somo litachelewa na maazimio ya kazi, yaani mpango wa mada za muhula, yatakudai. Kubali tu, kwa sababu waliokuwa na jibu lile lile daftarini na wakanyamaza wamefundishwa pia, tena bila kuaibishwa.

Ukiuliza swali, ngoja. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walipojizoesha kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi wakasema. Kwetu haja ni kubwa zaidi. Darasani mwangu yuko anayesema Kimvita nyumbani, yuko wa Kigiriama, yuko wa Kijaluo, na swali kitabuni limeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto hufasiri kwanza ndipo ahesabu. Uliza, kisha ujihesabie kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamchagua yeyote, na usichague mkono wa kwanza kila mara.

Majina yao yajue wiki ya kwanza, uyatamke wanavyoyatamka mama zao.

Kuhusu fimbo sina maneno mengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kumtesa mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Hilo la akili walimu wengi hulisahau. Kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake ni kumpiga, na mimi sivumilii neno hilo darasani mwangu, litoke kwangu au kwa mtoto. Anayevuruga, sogea usimame karibu na dawati lake huku ukiendelea kufundisha. Mara nyingi hilo hutosha. Asipotulia, mwite wakati wa mapumziko, mkae wote wawili, useme kwa sauti ya chini. Usimkanye ukiwa bado una hasira.

Wapo watakaochelewa. Mtoto anayevuka kutoka Likoni haamrishi feri, na foleni ya pale asubuhi kila mtu anaijua. Aingie, akae, sababu utaiuliza baadaye. Mimi huanza kila kipindi na hesabu mbili tatu za marudio ubaoni, ili anayeingia akihema apate pa kuanzia bila kukatiza wenzake.

Kazi ya nyumbani iwe kidogo. Wengi wao wakitoka kwetu huenda chuoni, yaani madrasa, na huko hukaa mpaka magharibi inakaribia. Hesabu tatu zilizofikiriwa ni bora kuliko ukurasa mzima ulionakiliwa kwa rafiki. Mwezi wa Ramadhani, mambo mazito yaweke vipindi vya asubuhi. Na kuanzia Januari mpaka Machi, joto linapopamba moto, wazungushe wanaokaa karibu na madirisha, wasiwe wale wale muhula mzima.

Mwisho, wazazi. Hapa kwetu mara nyingi atakayekuja ni nyanya, na akiitwa shuleni huja moyo umemdunda, kwa kuwa hajawahi kuitwa kwa la heri. Mwamkie wewe kwanza, "Shikamoo, nyanya," mpe kiti, umweleze jambo moja zuri alilofanya mjukuu wake wiki hiyo, jambo la kweli, lenye siku na daftari la kumwonyesha. Kisha mtoto aitwe, na tatizo ulizungumze mbele yao wote wawili, kwa maneno yale yale uliyomwambia mtoto darasani.